Sinia Mbele ya Hakimu

Mwanga wa mashine ya fotokopi humkausha mwanamume. Hivyo ndivyo alivyoniambia Kombo, muuza kahawa wa karibu na ofisi yetu, na mimi nikaamini kabisa. Alisema kuna karani mmoja wa Mombasa aliyemulikwa asubuhi, jioni mkewe akarudi kwao, na hata jogoo wake akaacha kuwika. (Jogoo! Na bado niliamini. Mimi, mwenye cheti cha darasa la usiku kilichotundikwa ukutani!)

Jamani wenzangu, leo nimeadhirika. Tena mbele ya serikali.

Mnajua mimi ni karani wa wakili, Bwana Shee, hapa Malindi mjini. Miaka yote tulipiga taipu kwa karatasi za kaboni mpaka vidole vikawa kama vya muuza makaa. Juzi juzi Bwana Shee akaleta mashine ya fotokopi, kubwa kama jeneza la mtu mnene. Aliyefundishwa kuitumia ni Bi Zuhura, mpiga taipu wetu. Mimi nilikuwa naipita ubavu ubavu kama kaa.

Leo Bi Zuhura hakuja, mtoto wake anaumwa. Na leo ndiyo siku ya kesi ya Mama Sidi.

Mama Sidi ni mjane wa Sabaki. Shemeji yake ameliuza shamba la marehemu kwa tajiri mmoja bila hata kumnong'oneza. Tajiri amekodi trekta, na kesho asubuhi linaingia: mikorosho chini, minazi chini, nyumba chini. Tulikuwa na leo tu ya kumwomba hakimu atoe amri ya kulizuia.

“Karisa,” akaniambia Bwana Shee huku anafunga tai, “hiki kiapo cha Mama Sidi kitoe nakala. Moja ya wakili wa tajiri, moja yetu. Nikukute kortini. Hakimu huyu hamngoji mtu.”

“Sawa, Bwana.”

Akatoka. Mama Sidi akabaki kwenye benchi, leso ameishika kwa mikono miwili, ananitazama kana kwamba mimi ndiye Jaji Mkuu.

Nikaitazama mashine. Mashine ikanitazama. Jamani, mimi nina mchumba! Mahari nusu nimeshatoa!

Nikaingia jikoni, nikachukua kile kisinia cha bati cha kuletea chai. Nikakitumbukiza ndani ya suruali, mbele, nikakaza mkanda. (Bati huzuia mwanga. Nilisoma sayansi, msinichezee.) Kisha nikalaza karatasi kwenye kioo, nikashusha kifuniko, nikaigeuzia mashine mgongo, nikafumba macho, nikapeleka mkono nyuma nikabonyeza. Mwanga ukapita. Wallahi niliusikia ukinitambaa uti wa mgongo! (Ndiyo, sinia lilikuwa mbele na mwanga ulikuwa nyuma. Msiniulize.)

“Mwanangu, una homa?” akauliza Mama Sidi.

“Hapana, mama. Ndivyo inavyotumiwa hii.”

Nikafanya hivyo karatasi baada ya karatasi. Nakala zikatoka zina joto, na Kombo alinionya kwamba joto lile ndilo lenye sumu, basi nikazisukumia ndani ya bahasha bila kuzitazama. Tukatoka mbio. Sinia? Ningefungua mkanda vipi mbele ya mjane?

Kortini tukafika jasho linatutiririka, kesi yetu ndiyo inaitwa. Nikamkabidhi Bwana Shee bahasha, naye akampa nakala wakili wa tajiri, bwana mmoja wa marashi makali. Yule bwana akafunua ukurasa. Akafunua wa pili. Akatabasamu.

“Mheshimiwa, nimepewa karatasi nyeupe. Huenda huyu mama hana la kusema.”

Nilikuwa nimeelekeza maandishi juu, kwenye kifuniko. Mashine imepiga picha mgongo wa kila karatasi!

“Bwana Shee,” hakimu akasema, “mwenzako hawezi kujibu asichokisoma. Ombi hili tutalisikiliza wiki ijayo.”

“Mulungu wangu!” Mama Sidi akasimama. “Wiki ijayo mimi n'talala wapi?”

“Mheshimiwa, mama huyu hana kosa,” Bwana Shee akasihi. “Kosa ni la karani wangu.”

“Ni mbinu ya kupoteza wakati!” akadakia yule wa marashi.

“Karani asimame.”

Nikasimama. Nikainama kwa heshima, kama ilivyo desturi. Mkanda ukalegea. Na suruali yenyewe niliirithi kwa mjomba aliyekuwa na mwili wa kutosha watu wawili. Sinia likateremka mguuni, likatoka chini, NG'WAAA! Likabiringika katikati ya korti, likazunguka, likazunguka, likaenda kulala kwenye kiatu cha askari. Askari akaruka.

“Nini hiyo?” akauliza hakimu.

“Sinia, mheshimiwa.”

“La nini?”

Nikamtazama Mama Sidi. Nikidanganya, itaonekana kweli ni mbinu, na shamba limekwenda. Basi nikasema yote. Mwanga. Kukauka. Mchumba. Mpaka jogoo nikamtaja! Mkalimani wa korti, aliyekuwa akiyageuza Kiingereza, alifika kwenye kukauka akakwama, akamalizia kwa mikono. Watu walicheka mpaka benchi moja likaanguka. Hakimu akavua miwani, akajifuta macho, akakohoa kwa muda mrefu.

“Hii si mbinu,” akasema mwishowe. “Mtu hawezi kubuni jambo kama hili. Ipo mashine chumba cha pili. Nawapa nusu saa.”

Safari hii Bwana Shee alitoa nakala mwenyewe, mimi nikishika karatasi na kusali. Yule wa marashi akasoma, akapinga, akapinga tena. Hakimu akaandika amri: trekta lisikanyage shamba mpaka kesi isikizwe. Mama Sidi akanikumbatia huku analia na kucheka kwa pamoja.

“Ahsante, mwanangu. Na huyo mchumba wako mwambie aje kwangu nimpe pole.”

Nikaokota sinia langu, nikaanza kunyata kuelekea mlangoni.

“Karani,” akaita hakimu.

“Naam, mheshimiwa.”

“Ile ni taa. Inamulika karatasi. Basi.”