Ambulansi Yangu ya Kulalia Ilivyopokelewa kwa Shangwe

Jamani, leo nimeaibika. Mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima, nikiwa na kuku mkononi.

Nawaandikia nikiwa kwenye benchi nje ya hospitali, viatu vimejaa tope mpaka ndani. Nimeona niseme mwenyewe kabla hamjaletewa, maana kuna watu walikuwa wanapiga picha.

Lile gari langu mnalijua. Tangu mwaka jana nimewachosha nalo humu. Ni ambulansi iliyostaafu, niliyoinunua kwenye mnada na kuipeleka kwa fundi Deo hapa Kayanga. Tukang'oa machela, ndoano za dripu, mahali pa mtungi wa oksijeni, kila kitu. Tukaweka nyumba. Ndani mna kitanda, jiko la gesi la mafiga mawili, sinki, kabati la vyombo, na mapazia ya zambarau niliyoyachagua mwenyewe. Juu kuna sola. Nilitaka na mimi nitembee nchi yangu kama wale wageni wanaopita hapa wakielekea mbugani, wanalala popote na wanakunywa chai wakitazama milima. Kuuza vipuri vya pikipiki miaka kumi na minne kunachosha.

Kitu kimoja tu sikukiondoa. Ubavuni bado imeandikwa kwa herufi nyekundu GARI LA WAGONJWA. Mke wangu, mama Koku, aliniambia tangu mwanzo nipake rangi pote. Nikamwambia haelewi mitindo. (Ukweli ni kwamba siku nalitoa gereji, lori la kahawa liliingia mtaroni kunipisha. Ukishaonja hilo, rangi ya nini?)

Leo ndiyo ilikuwa safari ya kwanza. Nilikwenda peke yangu, kwa sababu mama Koku alisema yeye ana kitanda nyumbani na hakinywi dizeli. Mpango ulikuwa nipite Ihembe, nizunguke vijiji vya huko ndani, nitokezee Kyerwa, nilale mlimani, nipike, nipige picha niwatumie. Maneno ya chini ya picha nilikuwa nimeshayaandika kabla sijawasha gari: "Barabara nzuri ni za waoga." (Yasomeni taratibu, mkijua yanayofuata.)

Ihembe nilipita kama mfalme. Bodaboda wanakaa pembeni. Akina mama wanavuta watoto. Nilikuwa nimevaa miwani ya jua na uso wa mtu anayewahi kuokoa maisha.

Sasa, jana mvua ilinyesha. Kabla tu ya kijiji kimoja ambacho sitakitaja, barabara inateremka kati ya migomba na mibuni, na kule chini pana dimbwi. Pikipiki zote zilikuwa zimejitengenezea kanjia ka pembeni. Mimi nikasema, gari hili limeumbwa kwa ajili ya mahali kama hapa. Nikaingia katikati. Likazama mpaka kwenye ngazi ya mlango. Nikakanyaga mafuta. Likazama tena, polepole, kwa heshima.

Nikakumbuka kuna gia ya kuvutisha magurudumu yote manne. Nikagundua sijui inavyofungwa. Fundi Deo nilimuuliza kuhusu mapazia mara saba. Gia sikumuuliza hata mara moja.

Akatokea mama mmoja na jembe begani. Akasimama, akasoma ubavuni herufi moja moja mpaka mwisho, akatupa jembe chini, akakimbia. Nikadhani nimemtisha. Baada ya kama dakika kumi alirudi na kijiji.

Walikuja na majembe, kamba, na majani ya migomba ya kutandika chini ya matairi. Waliingia kwenye tope mpaka magotini bila mtu kuwaambia. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Mzee mmoja, huku anachimba, akanieleza kwa furaha kwamba tangu waahidiwe gari la wagonjwa, zahanati yao imeshapakwa rangi mara mbili na gari halijaonekana. Na leo limekuja.

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Nikaufungua. Nikasema, "Asanteni sana. Sukumeni kidogo upande wa kushoto."

(Najua. Nilijiambia nikisema ukweli sasa wataniachia tope langu, kwa hiyo nitoke kwanza, nitawaeleza kwa upole huko mbele.)

Gari likatoka. Watu hawakutawanyika. Walitangulia mbele wakiimba, wengine wakafuata nyuma wakiimba, na barabara ilikuwa moja tu, inayoishia kwenye zahanati. Pa kugeuzia hapakuwepo. Nikaendesha kama bwana harusi anayepelekwa kanisa lisilo lake.

Zahanati tukamkuta mwenyekiti wa kijiji amevaa koti, vifungo vimekosana. Akaniuliza jina kwa kuninong'oneza, kisha akaanza hotuba. Akasema amelifuatilia gari hili kwa miaka, ofisi kwa ofisi, wengine wakimcheka, na leo wote wanaona kwa macho yao. Nikamtazama. Hakupepesa. Nikaona hapa tuko waongo wawili, na mwenzangu ana cheo.

Nikapewa mkungu wa ndizi. Nikapewa kuku. Bibi mmoja akanishika mkono kwa mikono yake miwili akanishukuru mpaka nikaona aibu, lakini si aibu ya kutosha. Kisha wakasema dereva naye aseme neno. Na mimi nikasema! Nikasema afya ndiyo msingi wa yote. Wakapiga makofi. Kwa kuwa walipiga makofi, nikaongeza. Nilifika mpaka kwenye umuhimu wa kunawa mikono.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Nesi wa zahanati, mama mfupi mwenye sweta la bluu, alikuwa anatazama mapazia.

Nilipomaliza, nesi akasema mgonjwa wa kwanza yupo tayari. Mzee Rwegasira aliteleza asubuhi kibanjani, kwenye migomba yake, akikata mkungu, mguu umevunjika, na tangu saa mbili yuko ndani anasubiri usafiri. Wanaume wanne wakamtoa kwenye machela ya miti. Nikasema mlango wa nyuma una hitilafu kidogo. Nesi akauvuta. Mlango haukuwa na hitilafu.

Kule kwenye tope kabati lilikuwa limefunguka. Sufuria zilikuwa sakafuni. Unga ulikuwa kila mahali, na vitunguu vilibiringika vikatoka kimoja kimoja mpaka miguuni kwa mwenyekiti. Kwenye kamba zilining'inia kaptula zangu mbili za ndani. Juu ya mashuka ya maua, chupa nne za bia zilikuwa zimelala kwenye mto kwa mpangilio, kama wagonjwa. Na ukutani, kwenye fremu, nilikuwepo mimi mwenyewe, nimeegemea boneti, natabasamu.

Kuku peke yake ndiye aliyeendelea kuzungumza.

"Gari hili ni la nani?" nesi akaniuliza.

"Langu."

"Unaumwa?"

"Hapana, siumwi."

"Sasa unalala humu kwa nini?"

"Natalii," nikasema. (Sauti yenyewe ilikuwa ndogo.)

Nesi akawageukia watu akawatafsiria kwa Kinyambo. Mimi ni Mhaya wa Muleba, Kinyambo nakisikia vizuri kabisa, na leo nilitamani nisingekisikia. Aliwaambia kwamba bwana huyu ana nyumba, na nyumbani ana kitanda, ila amenunua gari la wagonjwa ili akalale barabarani. Nilitafuta mahali pa kumsahihisha nikakosa.

Hawakukasirika. Wangekasirika ningepata la kujitetea. Walicheka. Yule bibi wa mikono miwili alicheka mpaka akakaa chini. Mwenyekiti akafungua vifungo vya koti akasema yeye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi na mtu huyu. Kuku akachukuliwa mikononi mwangu, kwa adabu. Mkungu nao ukaondoka.

Ndipo mzee Rwegasira akasema kutoka kwenye machela, bila kupandisha sauti: "Mkimaliza kucheka, mguu wangu bado umevunjika."

Nesi akanitazama. Nikaanza kutoa sufuria.

Mguu ulifungwa kwa mbao mbili za rafu yangu na pazia moja la zambarau. Mzee akalazwa kwenye mashuka ya maua. Gia ya kuvutisha magurudumu yote aliifunga nesi, alishuka akazungusha kitu kwenye tairi za mbele, akapanda. Dimbwi lile tukalipita kama halipo.

Njiani mzee alinisifia kitanda, akasema kinashinda cha wodini. Akaomba bia moja, nesi akakataa. Akaomba basi ile picha igeuziwe ukutani, kwa sababu yule mtu anamcheka. Picha ikageuzwa.

Kilichoniumiza ni kingine. Nesi alikuwa amemwekea mzee dripu, akainua macho kutafuta ndoano. Ndoano niling'oa mimi. Pale zilipokuwa nimeweka vitaa vya rangi rangi. Akaishika dripu kwa mkono, juu, kutoka kijijini mpaka hospitali. Nilikuwa namwona kwenye kioo. Mkono ukichoka anabadilisha. Hakunilaumu, na mimi maneno yangu yote ya kunawa mikono yalikuwa yameisha.

Tumefika. Mzee amepokelewa, mguu utafungwa plasta, na ameniagiza nisifue shuka kwa sabuni kali, ni nzuri. Nesi amenawa kwenye sinki langu (linafanya kazi, niliwaambia), akaomba namba yangu ya simu. Nikadhani ni ya kuandika kwenye daftari. Kumbe alimtumia mwenyekiti, na mwenyekiti ameiandika kwa chokaa kwenye mlango wa zahanati, na juu yake neno moja: DEREVA.

Nimekaa hapa nusu saa, watu wa kijiji wameshanipigia mara mbili. Kuna mama anatarajia kujifungua wiki hii, wanauliza kama nitakuwa nimeshatoa vitunguu.

Mama Koku bado sijamwambia. Na nyie humu, atakayecheka nampa nesi namba yake.