Babu wa Watu Kumi na Wawili

Profesa hakuwa profesa wa kitu chochote, isipokuwa suti. Siku alipomsikia Mama Magodoro akilalama dukani kwake kwamba wakwe za bintiye wanamdharau kwa kukosa ukoo wa maana, masikio yalimsimama.

"Ukoo haupotei, mama," alimwambia kwa sauti ya msibani. "Hutafutwa tu mtandaoni. Nipe siku tatu."

Siku tatu zilikuwa za heshima. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika tano. Profesa alikuwa na mti mmoja tu wa ukoo, wake mwenyewe, ulioko kwenye tovuti ya nasaba pamoja na picha mbili: babu yake, mlinzi wa stesheni mwenye sare ya vifungo vya shaba, na nyumba aliyomrithisha. Kutunga babu mpya kwa kila mteja kungemchosha, naye alikuwa mtu wa kujihurumia. Akamnakili mzee, akampandisha cheo kuwa jemadari, akampachika juu ya jina la Mama Magodoro katika mti mpya humo humo tovutini, kisha akachapa cheti na kukigonga mhuri. Huyo alikuwa mteja wa kumi na moja. Mama wa watu alilia kwa furaha, akamtundika jemadari juu ya magodoro.

Wiki iliyofuata tovuti ikamtumia Mama Magodoro ujumbe: "Babu huyu yumo katika miti mingine kumi na moja. Ungependa kuwasiliana na ndugu zako?"

Alipenda sana.

Jumamosi asubuhi Profesa alifungua mlango akakuta watu kumi na mmoja, kila mmoja na cheti mkononi.

"Binamu!" Mama Magodoro alimkumbatia mpaka mbavu zikalia. "Kumbe babu yetu aliacha nyumba, nawe unaifaidi peke yako?"

"Mama, ngoja kwanza. Yule si babu yenu."

"Ina maana hivi vyeti ni feki?" aliuliza mteja wa nne, askari mstaafu, kwa upole wa kutisha.

Profesa akaiona jela, akaiona na nyumba. Roho ilimuuma kwelikweli, maana nyumba ile ndiyo kitu pekee alichowahi kukipata kwa haki.

"Ni halali," alisema. "Karibuni, ndugu zangu."

Kufikia adhuhuri vyumba vilikuwa vimegawanywa kindugu. Profesa akaachiwa korido.

"Usinune, binamu," Mama Magodoro alimbembeleza. "Godoro nitakuuzia kwa bei ya ukoo."