Gitaa Lililopimwa kwa Utepe

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu ameitwa! Bendi ya ukumbi wa mikutano inatafuta mpiga gitaa, na Jumamosi saa nane mchana watajaribu watu wawili tu. Mmoja ni kitinda mimba wangu. Wa pili ni mtoto wa Bi Marashi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke anayenukia kabla hajabisha hodi. Huyo mwanawe hupiga gitaa kama mtu anayekuna upele. Sisemi kwa ubaya. Nasema kwa sababu nina masikio.

Tatizo ni bega. Majaribio ni saa tatu nzima, watu wamesimama. Kiongozi wa bendi kasema atakayeomba kiti ajihesabu ameshindwa. Na gitaa la binti yangu ni gogo. Ni la umeme, zuri, lakini mbao imejaa mwanzo hadi mwisho. Akilivaa nusu saa, bega la kushoto linapanda mpaka karibu na sikio. Jana nimemkuta anajikanda kwa maji moto, mlango kaurudisha ili nisione. Nimeona. Ana mstari mwekundu mbavuni na mwingine mkononi, pale ukingo unapomkata. Mtoto huyu ameitaka bendi tangu ana miaka tisa, na hajawahi kulalamika hata siku moja. Kwa uvumilivu kanifuata mimi.

Alipokwenda kazini (anachapisha kadi na mabango, bosi wake hawezi kitu bila yeye) nikalibeba gogo hadi kwa muuza nyama, likapande mizani. Kilo nne na nusu! Muuza nyama akauliza nifungiwe lote au anipunguzie mifupa. Foleni nzima ikacheka. Na mimi nikacheka. Lakini nikabaki najiuliza: hivi gitaa haliwezi kupunguzwa?

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda duka la ala za muziki, peke yangu, na gogo mgongoni. Binti sikumwambia. Zawadi haitangazwi.

Muuza duka ni baba mmoja mpole mwenye miwani ya kamba. Nikamuuliza kwa nini gitaa moja ni zito na jingine jepesi. Akanieleza. Nikamuuliza tena. Baada ya swali la kumi na moja akavuta kiti akaketi. Nimejifunza mambo! Kumbe kuna magitaa yenye uwazi mtupu ndani, ambayo hupiga mayowe yakikaribia spika. Na kuna la katikati: ndani lina kipande cha mbao kimepita wima kama uti wa mgongo, na kushoto na kulia ni patupu. Umeme linakula, mayowe halina sana, na ni jepesi. Juu lina matundu mawili yamepinda kama mikia ya paka. Nikagonga mgongo wake kwa kidole kama ninayechagua tikiti. Katikati: ko. Pembeni: pu. Nikagonga yote dukani. Wateja wakawa wananitazama. Wacha watazame, mtu hujifunza kwa kugonga.

Lipo moja ambalo mgongoni limebonyezwa pale mbavu zinapokaa, na mbele limeteremka pale mkono unapolala. Nikalikumbatia. Mwili mzima ukasema ahsante. Lakini muuza duka akasema limewekwa akiba ya mteja mpaka Ijumaa asubuhi. Nikamwambia huyo mteja hana mtoto kama wangu. Hakutikisika.

Palikuwa na jingine la aina hiyo hiyo, jepesi, ila limekwenda sawasawa kama sinia, kingo kali pande zote. Akili ikanicheza. Mimi ni fundi cherehani mwaka wa ishirini na sita huu. Shule niliishia darasa la saba, lakini kiuno cha mtu sijawahi kukikosea. Nguo ikibana, unaitupa? Unaipunguza! Nikabadilishana: gogo likabaki, sinia nikaondoka nalo. Muuza duka akasema bora mwenyewe angekuja kujaribu. Nikamwambia huyo nimemzaa mimi, vipimo vyake ninavyo kichwani.

Jumatano, 5 Machi

Binti kalikuta gitaa kitandani. Akaliangalia. Akaniangalia. Akauliza lake liko wapi. Nikasema limesafiri.

Akalichomeka kwenye spika. Ee, sauti! Tamu, ya mviringo, mpaka mama muuza mboga akasimama mlangoni na fungu lake mkononi. Binti akatabasamu bila kupenda. Akasema ni jepesi kweli, ni kosa kubadilisha bila kumuuliza, lakini ataweza. Kingo zinamuuma kama zamani, basi Jumamosi atajifunga kitambaa mkononi avumilie.

Avumilie! Nani kamtuma mtu avumilie wakati mama yake ana mkasi?

Nikamwambia asimame nimpime gauni la Jumamosi. Akasema hataki gauni. Nikampima hivyo hivyo, gitaa likiwa shingoni. Ubavu wa tatu hadi wa tano. Kiwiko hadi kifundo. Akauliza gauni gani linapimwa kwa gitaa. Nikamjibu ndiyo mtindo mpya. Nikachora kielelezo kwenye karatasi ya kaki, nikakikata, nikakibandika kwa pini za nguo kwenye mfuko wa gitaa. Kazi safi kabisa. Angekuwepo mwalimu wangu wa cherehani angelia.

Alhamisi, 6 Machi



Asubuhi nilikwenda kwa seremala, yule wa vitanda na makabati, mtu wa maneno mengi. Nikamtandazia kielelezo, nikachora kwa chaki. Akasema hajawahi kuchonga gitaa lakini mbao ni mbao. Nikasema hayo ndiyo maneno. Akaanza upande wa mkono, taratibu, na msasa. Ukatoka mteremko laini kama shavu la mtoto! Nikapiga kigelegele. Mafundi wenzake wakaacha kazi kutazama. Nilipaswa kusema basi. Nikasema sasa mbavu, na usiogope, ingia.

Akaingia. Akaingia kabisa. Randa ikapita upande wa pili.

Palitokea tundu, ngumi yangu inapita. Seremala akachungulia, akasema, mama, humu hamna kitu! Nikamwambia kwa hasira, ndiyo, ni tupu pembeni, mbona kila mtu anajua. Akasema yeye hajaambiwa. Kweli sikumwambia. Nguo huwa na akiba ya kitambaa kwenye mshono, unapunguza na bado ipo. Nilidhani na gitaa wanaliachia akiba.

Nakiri jambo moja hapa, kwa kuwa hakuna atakayesoma: nilichungulia kwa tochi muda mrefu. Ndani pazuri. Ule uti wa mgongo upo kweli. Na nyaya zimepita kama mishono ya ndani ya koti, ila zimelegea. Fundi wa nyaya mzembe.

Seremala kajitolea kuweka kimlango chenye bawaba, bure, niwe natunzia vitu. Nimekataa. Nimerudi nyumbani nikaweka kiraka cha ngozi ya kochi, mshono mara mbili, nikapiga gundi. Kwa mbali hakionekani. Kwa mbali sana.

Ijumaa, 7 Machi

Kimeonekana.

Hakupiga kelele. Angepiga ningejibu, mdomo ninao. Aliketi tu ukingoni mwa kitanda, gitaa mapajani, akipapasa kiraka kwa kidole gumba. Akaniuliza kwa upole: mama, ni kesho. Sasa mimi nina nini?

Niliangalia sakafu. Vumbi likaniingia machoni, yote mawili.

Wakati huo huo, hodi! Marashi kwanza, mwenyewe baadaye. Seremala kamwaga kila kitu. Bi Marashi kaja kutupa pole, kichwa kaegemeza upande kama yuko msibani. Kauliza, eti shoga, lile gitaa mtalifanya kuni za kupikia au mtafuga kuku ndani yake? Mwanangu kasikia pumzi yangu ya hasira ikitoka puani, akanishika mkono kabla sijainuka. Akamwambia ahsante shangazi, akafunga mlango. Kisha akabeba gitaa lenye kiraka, akasema anakwenda dukani, na mimi nibaki.

Nilibaki. Hatua ishirini nyuma yake.

Pale dukani aliniona kwenye kioo, akanionyesha benchi la nje. Nikakaa. Nikatazama kupitia dirisha, pua imegusa kioo. Mtoto kumbe ana utaratibu wake! Anachukua gitaa, anaketi nalo. Anasimama. Anavaa mkanda, anaurefusha, anaufupisha. Anaachia mikono yote aone kama kichwa cha gitaa kinaanguka chini. Halafu anapiga, dakika kumi kamili, saa ukutani. La kwanza hapana. La pili hapana. La tatu, la nne, hapana.

Ndipo muuza duka akaangalia saa, akaenda nyuma, akarudi na lile la akiba. Mteja hakutokea.

Alipolivaa, niliona bega likishuka. Bega tu. Lilishuka taratibu, likakaa mahali pake, pale nilipomzaa nalo. Akafumba macho. Nikasahau nimekaa nje, nikapiga kofi kwenye kioo. Nimeambiwa nisirudie.

Wamekubaliana wenyewe, watu wazima wawili. Muuza duka kachukua lenye kiraka kwa ajili ya shingo na vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi, ambavyo ni vizima, na binti atakuwa akiwafundisha wanaoanza kila Jumamosi asubuhi kwa miezi sita. Na hili jipya, kilo mbili na robo tatu tu! Nilitaka kupita kwa muuza nyama kuhakikisha. Binti kasema mama, tunyooke nyumbani. Na muuza duka katuma salamu: mama asiliguse.

Sikuelewa mama yupi.

Jumamosi, 8 Machi

AMEPATA!

Nilikaa mstari wa mbele, Bi Marashi pembeni yangu, chafya zangu nne. Saa ya kwanza vijana wote wawili sawa. Saa ya pili mtoto wa Bi Marashi akaanza kubadilisha mguu, mara huu, mara ule, kama anayesubiri choo. Ilipofika saa ya pili na nusu akaomba stuli. Bi Marashi akasema mwanawe ana homa. Nikamwambia pole, shoga, na nilimaanisha, karibu nusu.

Na wangu? Amesimama kama anaanza sasa. Mkono umelala kwenye mteremko, mbavu zimetulia kwenye mbonyeo, bega halijui kuna jumba la mbao linaning'inia. Wimbo wa mwisho alicheka peke yake akiwa anapiga. Kiongozi wa bendi akamwambia aje mazoezini Jumanne. Nikalia kwa sauti. Nilipokwisha kulia nikawaeleza watu wa mistari mitatu nyuma nani aliyegundua magitaa ya aina hii mjini. Kwani uongo? Nisingelitoboa lile, angelipata hili?

Kasoro moja tu. Alipokaribia spika, gitaa likalia wiiii! Ukumbi mzima ukaziba masikio. Kiongozi wa bendi akamwambia asogee hatua mbili, likanyamaza. Binti hakujali hata kidogo.

Jumapili, 9 Machi

Sijapata usingizi mzuri kwa ile wiiii. Hatua mbili! Jukwaa likiwa dogo je? Atasogea aangukie watu?

Nimelichunguza gitaa tangu asubuhi, kwa macho tu, mikono nyuma. Jibu liko wazi. Sauti ya spika inaingia kwa yale matundu mawili, inazunguka ndani, inakosa pa kukaa, inapiga mayowe. Mtu yeyote angepiga mayowe.

Wiki hii nimepata fundisho kubwa, na ninaliandika hapa nisilisahau: mbao haipunguzwi. Kwa hiyo safari hii sipunguzi chochote. Naongeza.

Nimenunua pamba ya mito, kilo mbili. Nimepima matundu kwa utepe, nimekata ngozi ya kochi iliyobaki, na gundi iko juani inalainika. Seremala nimemtumia ujumbe aniazime kijiti kirefu cha kushindilia.

Binti ameingia kuoga. Anaimba. Nina dakika kumi.