Gari Lililosafishwa Mno

Jumapili, tarehe 9

Nimepoteza namba ya chesisi, ile gari hugongwa kiwandani. Tarakimu saba, jana, saa nne na dakika ishirini asubuhi, kwa mkono wangu na grenda yangu ya kusagia chuma. Nilikuwa natoa kutu chini ya boneti. Kutu ilitoka. Namba nayo ikatoka.

Niandike kwa utaratibu. Gari ni la mashindano, la Kiitaliano, la mwaka 1972, milango miwili, kilo 870. Nimelinunua kwa Daktari wa Meno mstaafu, aliyelifungia bandani miaka thelathini na moja. Mimi ni fundi wa mageti. Nilianza na nyundo ya kuazima. Leo nina karakana yenye mashine tisa. Sijawahi kumkabidhi mteja chuma chenye kutu, na sioni kwa nini nianze na gari langu mwenyewe.

Tatizo: mbio za magari ya zamani ni Jumapili ijayo. Mkaguzi anakuja kwangu Ijumaa. Bila namba ya kiwandani, hili si gari la zamani. Ni bati lenye magurudumu.

Jumatatu, tarehe 10

Mke wangu ndiye msoma ramani wangu. Ameshanunua kofia ngumu, nyekundu. Anaivaa akikaanga vitunguu, eti aizoee. Katika mbio hizi hashindi anayewahi. Anashinda anayefika kila kituo kwa sekunde aliyopangiwa. Yeye na saa hawajawahi kukosana. Leo ameniuliza gari limefikia wapi. Nikasema asilimia tisini na tisa. Ile moja iliyobaki sikuitaja.

Shemeji, kaka yake, amepita kuchungulia. Ana gari la zamani lisilojua sabuni, na limeshapita ukaguzi. Kapitisha kidole kwenye boneti langu, akasema, shemeji, hapa mtu ananyoa ndevu bila kioo. Nimelichukulia kama sifa. Kisha akauliza namba iko upande gani. Nikamkaribisha chai.

Jumanne, tarehe 11

Mpango. Ninayo mihuri ya chuma ya kugongea tarakimu. Kila geti langu hutoka na namba yake. Namba ya gari ipo kwenye karatasi za mauzo. Kwa hiyo sighushi kitu. Narudisha mali mahali pake.

Nimepiga mstari kwa rula, nikagawa nafasi milimita sita kwa sita. Tarakimu saba, mapigo saba. Zimesimama kama askari kwenye gwaride. Nimezitazama mpaka chai ikapoa.

Jumatano, tarehe 12

Zinang'aa mno. Chuma cha miaka hamsini hakiwezi kuwa na namba ya jana. Nimezipaka siki na chumvi. Miaka ishirini na sita napigana na kutu, leo naibembeleza.

Mke wangu kauliza siki imekwenda wapi. Nimesema sijaiona. Akaushika mkono wangu, akaunusa, akaurudisha ulipokuwa.

Alhamisi, tarehe 13

Kutu imekuja. Imekuja popote siki iliporukia: kwenye bawaba ya mlango, kwenye sanduku langu la spana, na kwenye bisibisi niliyorithi kwa fundi aliyenifundisha. Namba haikuigusa. Nimekumbuka: Jumanne, nilipomaliza kugonga, mkono wenyewe ulichukua brashi ukapaka dawa ya kuzuia kutu, tabaka tatu. Mazoea. Na mimi nikipaka, nimepaka.

Ijumaa, tarehe 14

Mkaguzi ni mama mfupi mwenye miwani ya kamba. Zamani alikuwa fundi wa saa. Amepiga magoti, akamulika tochi kwenye namba. Sekunde arobaini na moja, nilizihesabu. Kisha akatoa picha mkobani. Kumbe chama chao kina picha ya namba ya kila gari lililowahi kushindana. Kwenye picha tarakimu zimegongwa ovyo, na saba ya mwisho imeegemea jirani yake kama mlevi kwenye benchi. Saba yangu imenyooka.

Kauliza nani kagonga hii. Nikasema ni mimi, ila vizuri zaidi. Akavua miwani. Ungeniletea na kutu yake yote, akasema, ningelipitisha kabla chai haijaletwa.

Amelikataa.

Mke wangu alikuwa mlangoni, kofia kichwani. Hakunigombeza. Aliivua polepole, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, tarehe 16

Msoma ramani wa Shemeji kaamka na mafua. Mke wangu akaniuliza kama nitaudhika. Nikasema, hata kidogo. Nimeudhika kilomita zote mia moja na themanini.

Wamekuwa wa tatu kati ya magari thelathini na nane. Makosa yao: sekunde nne. Mke wangu kashuka uso mzima vumbi isipokuwa duara mbili za miwani ya kukinga vumbi, anacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu tuhamie nyumba yetu wenyewe. Shemeji kasema, shemeji, dada yangu leo kanifokea kila kona, na kila kona alikuwa sahihi. Nikasema mimi hilo nalijua tangu zamani.

Niliwapiga picha. Imetoka vizuri. Nitaikata upande wa Shemeji.

Njiani kurudi mke wangu kaniambia kwamba mwakani atapanda gari litakalopita ukaguzi, liwe la kaka au la mume. Alikuwa anatabasamu, lakini namjua. Hatanii.

Jumatatu, tarehe 17

Nimekaa, nimetafakari, nimeelewa kosa. Kosa lilikuwa gari. Daktari wa Meno analo la pili bandani, pacha wake, la mwaka uleule. Nimempelekea barua, nainakili hapa kwa kumbukumbu.

"Daktari, shikamoo. Lile gari la pili nalitaka, maana mke wangu anahitaji kiti cha mwakani na sitaki akikalie kwa kaka yake. Tafadhali usilifute hata vumbi. Nilipolichungulia siku niliponunua la kwanza niliona kutu kidogo chini ya boneti, pale pembeni ya namba. Usihangaike nayo, nitakuja na grenda yangu niitoe mwenyewe, taratibu. Sasa niambie: unauza au huuzi? Nataka neno moja, kabla ya Alhamisi saa kumi kamili jioni. Saa kumi na dakika moja sitalipokea."