Ulingo wa Mama Mkwe

Ijumaa, 21 Novemba

Nimefika kambini wa mwisho. Lyle alishafika asubuhi, kapasua kuni, kafagia, kachota maji. Nani kamtuma? Lyle ni mwanyumba wangu: mke wangu ni Marlys, naye kamwoa mdogo wake. Tangu harusi ile sijapata raha.

Baada ya chakula mama mkwe akatangaza. Nyonga haimruhusu tena kupanda ngazi, kwa hiyo anauacha ulingo wake wa kuvizia kulungu, ule wa mgongo wa kilima, juu ya mwaloni. Ulingo bora kaunti nzima! Kulungu hupita chini yake kama wameitwa. Nimeutamani tangu uchumba. Alisema atampa mwindaji atakayeonyesha adabu kuliko wenzake msimu huu. Mwenye adabu, alirudia, si lazima mwenye shabaha. Aliposema shabaha alinitazama mimi. Sikupenda.

Mjomba Duane, kaka yake mama mkwe, alicheka mpaka akakohoa. Akaonyesha kidole ukutani. Kambi yetu ina sheria: ukimkosa kulungu, unakatwa pindo la nyuma la shati, linapigiliwa ukutani na jina lako. Sehemu kubwa ya ukuta ule ni mimi. Kasema nikikosa tena itabidi wajenge ukuta mwingine.

Haya. Wanataka adabu? Nitawapa adabu mpaka waombe poo.

Jumamosi, 22 Novemba. Siku ya kufungua msimu.

Nimeanza vizuri. Mbele ya wote, kwa sauti ya kusikika, nilimwachia Lyle nafasi yangu ya kwenye kinamasi. Nafasi mbovu kabisa. Maji yanaingia buti, na kulungu hawana shida na pale. Lyle akanishika mkono akanishukuru kwa dhati. Mama mkwe akatikisa kichwa kwa kuridhika. Moja bila!

Jioni yakageuka. Lyle kasimulia kwamba dume alimjia karibu kabisa, lakini alikuwa mchanga, akamwacha apite akue. Mama mkwe akamwongezea viazi. Nami nikasema nimewaacha watatu. Akauliza wa namna gani. Nikasema wa kawaida. Mjomba Duane akauliza kama niliwaacha nikiwa macho.

Ni uonevu. Inawezekana kabisa walipita.

Jumapili, 23 Novemba

Nimechukua tahadhari. Marlys alishanionya: shati jingine likirudi bila pindo, nitalivaa hivyohivyo kanisani. Na bado nina nia ya kupiga risasi wiki hii. Sasa, mashati yetu yote ni ya mirabaraba myeusi na myekundu. La Lyle lilikuwa linakauka nyuma ya jiko. Langu nimelificha chini kabisa ya begi, la Lyle nimelivaa. Lyle alilitafuta, hakulipata, akavaa la zamani, hakulalamika hata kidogo. Mtu wa ajabu. Angekuwa muungwana wa kweli angeuliza, tukajua moja.

Jumanne, 25 Novemba

Nimekasirika mno. Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi dume mkubwa alitokea ukingoni mwa misonobari. Pembe kama kiti cha kukalia. Nikafyatua. Akaanguka! Nikakimbia pale, na Lyle huyo, anakuja kutoka upande wa pili. Naye alikuwa amefyatua wakati uleule. Tukamkuta dume kalala, kimya.

Kwetu mnyama ni wa aliyempata kwanza, lakini nani wa kwanza? Lyle akavua kofia, akasema, “Ni wako huyu, Wendell. Hongera sana.”

Nikauona mtego. Nikimchukua, yeye ndiye mwenye adabu na ulingo umekwenda. Nikavua kofia yangu pia. Nikamwambia la, ni wako, mwanyumba. Akasema hawezi kabisa. Nikasema nitaona aibu maisha yangu yote. Akasema bunduki yake inavuta kushoto. Nikasema yangu mbovu zaidi. Mjomba Duane akafika, akakalia gogo, akafungua mkate wake wa soseji na kututazama kama yuko kwenye mechi. Nilikuwa nimeshika mikono yote miwili ya Lyle, namsihi, Mjomba aliposema huku mdomo umejaa, “Jamani, mwenye mali anaondoka.”

Dume alikuwa amesimama. Alitutazama. Akatikisa kichwa, akaenda zake, wala hakukimbia. Bunduki zetu zilikuwa zimeegemezwa mtini, kwa adabu.

Tukakuta kipande cha pembe kwenye theluji. Risasi iligonga pembe tu, mnyama akazimia. Ya nani, haijulikani. Mimi nilitaka chai. Lyle akasisitiza tumfuatilie, asije akawa ameumia porini. Tukafuata nyayo mpaka alasiri, hatukuona hata tone la damu. Vidole vya miguu sivisikii mpaka sasa.

Jioni, baraza. Mjomba Duane kashika mkasi. Lyle akasimama kabla ya kuulizwa: “Nimekosa mimi. Kateni langu.” Nikaruka: “Hapana, kateni langu mimi!” Sijawahi kuwa mkarimu kwa urahisi namna ile. Mama mkwe akanitazama kwa macho mapya. Nilikwishaanza kuuona mwaloni. Mjomba akakata yote mawili.

Kisha mama mkwe akachukua kipande changu, akavaa miwani, akakisogeza kwenye taa. Akasema pindo hili limeshonwa kwa uzi wa buluu. Yeye mwenyewe alikosa mweusi, akatumia buluu, Krismasi iliyopita, kwenye shati la Lyle. Kila mtu akanitazama.

Na hapo ndipo Lyle aliponimaliza. Akasema haraka, “Nilimwazima, mama.”

Uongo mtupu! Amesema uongo mbele ya mama mkwe ili anisitiri, na kila mtu akajua ni uongo, na kila mtu akampenda zaidi. Nani kamwomba anisitiri? Hiyo ndiyo michezo anayonichezea.

Alhamisi, 27 Novemba. Sikukuu ya Shukrani.

Marlys na mdogo wake wameleta bata mzinga. Kila mmoja akataja anachoshukuru. Mama mkwe alishukuru kwa miaka yake juu ya mwaloni, akasema ulingo ni wa Lyle. Nikaweka uma chini. Lyle akainama, macho mekundu. Halafu akaomba ruhusa: siku ya mwisho ya msimu, Wendell akae yeye kwanza, kwa kuwa ameutamani muda mrefu.

Mama mkwe akamjibu, “Ulingo wako sasa, mwanangu. Hata ukimpa punda, ni juu yako.”

Marlys alinikanyaga mguu chini ya meza nikubali vizuri. Nikakubali vizuri. Nilisema nakubali ili nisimvunje moyo.

Jumapili, 30 Novemba. Siku ya mwisho.

Niko juu. Ni kama nilivyodhani. Bonde lote liko miguuni mwangu, njia tatu za kulungu zinakutana chini ya kiti. Lyle alinisindikiza gizani, akanishikia ngazi, akaniachia chupa yake ya kahawa, akashuka kwenda kinamasini kwa hiari yake. Kwa hiari yake! Kahawa ni tamu, na hilo nalo limeniudhi.

Nimefikiri sana, na sasa nimeelewa mwenzangu anashinda vipi. Hawezi kumuudhi mtu. Huo ndio udhaifu wake, nami nilikuwa nauchezea kutoka upande usiofaa. Nikatoa kisu. Nimechonga jina langu kwenye ubao wa kiti, WENDELL, herufi kubwa, nene, na chini yake MWENYEWE. Katikati ya kazi nilisikia kitu kizito kikipita chini, kikasimama, kikapumua. Sikugeuka. Nilikuwa kwenye herufi ya mwisho, na kuiharibu ingekuwa hasara.

Kazi imetoka safi. Lyle atakapopanda mwakani atalisoma, atafikiri kidogo, na atashuka taratibu aje kuniita na kunishikia ngazi. Mtu mwenye adabu kama yule hawezi kukalia jina la mwenzake.