Video za Maktaba Ziondolewe Kwenye Somo la Ng'ombe

Enguserosambu,
Ngorongoro.

Mkuu wa Chuo cha Afya ya Mifugo,
Karatu.

Ndugu Mkuu wa Chuo,

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA KWA VIDEO ZA MAKTABA KWENYE UKURASA WA SOMO

Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na wafanyakazi wako. Sisi tu wazima, ila hatuna utulivu.

Binti yangu Naipanoi anasoma chuoni kwako kwa njia ya mtandao. Zamani somo lilikuwa maandishi matupu. Alipanda kilimani penye mtandao, akasoma peke yake, akafaulu, na hakuna aliyemuuliza neno. Mwezi uliopita mkutubi wako, Bi Laurencia, aliziweka video za maktaba kwenye ukurasa wenyewe wa somo, hata mtu akigusa tu, ng'ombe anaanza kuzaa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ndama wa kwenye simu hulia kwa sauti kubwa. Ng'ombe wangu wanaonyonyesha huacha malisho na kupanda kilima kumtafuta.

2. Baada ya ng'ombe walikuja wenye ng'ombe. Sasa wazee kumi na wanne hukaa kilimani kila asubuhi, na daktari wa kwenye video hawaamkii. Hasemi ametoka wapi, wala kama kwao mvua imenyesha. Anavaa glavu na kuanza kazi. Mzee Resiato, kwa wema wake, aliagiza: "Mrudishe mwanzo, binti, huenda alituamkia tukiwa tunaongea." Amerudishwa mwanzo mara kumi na moja.

3. Daktari huyo huingiza mkono ndani ya ng'ombe ambaye mwenyewe haonekani. Mzee Kimaren aliuliza, "Huyu ng'ombe ni wa nani? Mwenyewe ameridhia?" Daktari akaendelea na kazi. Tangu hapo anaamini kuwa chuo chako kinafundishia ng'ombe wa wizi, nami, mwalimu mkuu mstaafu, sina ushahidi wa kumpinga.

4. Naipanoi huwaambia wazee, "Sogeeni kidogo, baba zangu, mnaniziba." Nao husogea! Jambo hili halijapata kutokea katika kata yetu. Hata mimi nilisogea.

5. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Katikati ya video hutokea swali: ndama akizaliwa hapumui, ufanye nini kwanza? Naipanoi alijua jibu. Wazee wakasema jambo la ng'ombe haliamuliwi na mtu mmoja. Kikao kikakaa siku mbili, kila mzee akasimama na fimbo yake akasema, jibu likapitishwa kwa kauli moja, na Naipanoi akaamriwa alijaze. Lilikuwa kosa. Kimaren akataka mtambo uitwe kikaoni ujieleze. Binti yangu amebaki na alama thelathini na nane kwa mia, na mtihani wa mwisho ni Ijumaa. Akianguka, masomo yake yamekwisha.

Kwa hiyo naomba video zote ziondolewe kabla ya siku hiyo, na zirudishwe zile kurasa za maandishi ambazo hakuna ng'ombe wala mzee aliyewahi kuzitamani.

Wasalimie walimu, wapishi, walinzi wa lango, na Bi Laurencia, ambaye simchukii, ila kwa kiasi.

Wako katika kudai utulivu,
Mwl. Sairowua Parmuat

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha, ng'ombe wangu mwekundu akashikwa na uchungu, ndama ametanguliza miguu ya nyuma. Wazee wakaanza kupanga kikao. Naipanoi akawaambia, "Kaeni tu, baba zangu, mimi nina kazi," akafanya yote aliyoyaona kwenye video. Ndama jike, mzima, ananyonya. Video zisiguswe, ongezeni ya mbuzi. Kuhusu Ijumaa, wazee wameazimia wenyewe kutopanda kilimani. Ndama tumempa Bi Laurencia, na kuanzia leo mimi na yeye tutaitana Paashe, kama waitanavyo watu waliopeana ndama. Si hongo, nimeuliza, mkutubi hasahihishi mtihani. Aje na kamba.