Nilivyomsingizia Bibi wa Watu Mambo ya Viza Karurumo

Leo nimeaibika mbele ya kijiji chetu chote cha Karurumo. Nimefika nyumbani sasa hivi na nina hasira hadi chai imenishinda kunywa.

Mnamjua Ankal Nyaga, ndugu mdogo wa baba, mwenyekiti wa faktori yetu ya kahawa. Leo alikuwa na wageni. Madiwani watano kutoka mji mmoja mdogo Ufaransa, wamekuja kuona kama mji wao unaweza kununua kahawa moja kwa moja kwetu. Watano, vyama vitano. Jana akanipigia simu.

"Wawira, wewe ni mwalimu wa historia. Hao watu sisi hatuwaelewi. Utusimamie utuambie kila mmoja anaamini nini."

Nikakubali. (Kiherehere.) Nikamwambia kazi ni rahisi, awapange tu kwa mrengo. Mkomunisti kushoto kabisa, kisha msoshalisti, wa katikati akae katikati, kisha mhafidhina, na yule wa mrengo mkali wa kulia akae mwisho kulia. Majina watajitajia wenyewe, mimi Kifaransa kitanivunja ulimi.

"Kushoto kuja kulia. Sawa," akasema Ankal.

Leo nikatoka darasani mbio. Nimefika, wageni wameshakaa jukwaani wakiangalia watu, watu wamejaa hadi kwenye vitanda vya kuanikia kahawa. Mkalimani wao, kijana wa Nairobi, yuko nje ya geti anatafuta netiweki. Nikapewa maiki. Nikasimama mbele, nikawatazama wageni, nikaanza kushoto kwangu.

Wa kwanza alikuwa mzee wa suti iliyonyooshwa, ana beji ya bendera kifuani, saa inang'aa. (Nikajiambia, wakomunisti wa Ulaya wako vizuri!)

"Huyu ni wa chama cha wakomunisti," nikasema. "Wanaamini mali kubwa kubwa, viwanda na mashamba makubwa, isiwe ya mtu mmoja. Iwe ya watu wote."

Mzee Ireri, ambaye taito, hati ya shamba lake, analala nayo, akasimama.

"Mashamba? Amekuja kugawa mashamba yetu?"

"Hapana, mzee, ni huko kwao..."

"Aanze na lake!"

Watu wakanguruma. Yule mzee wa suti, haelewi hata neno, akadhani anashangiliwa. Akapunga mkono!

Nikaendelea haraka. Wa pili nikamwita msoshalisti, matajiri walipe kodi zaidi ili shule na hospitali ziwe za serikali. Wa tatu wa katikati, anachukua kidogo huku na kidogo kule. Wa nne mhafidhina, kodi ipungue, biashara iachwe ipumue, nidhamu irudi. Makofi ya heshima. Nikafika kwa wa mwisho.

Bibi wa mvi, viatu vya wazi vya turubai, anatabasamu. Amepakata kiondo, kikapu cha kusukwa alichopewa na akina mama. Hata hapo sikushtuka!

"Na huyu," nikasema kwa sauti ya onyo, "ni wa mrengo mkali wa kulia. Hawa wanataka mipaka ifungwe. Wageni wapunguzwe. Ufaransa iwe ya Wafaransa kwanza."

Mama Murithi akainuka. Mtoto wake alinyimwa viza ya kwenda kusoma huko, na kijiji kizima kilikuwa kimeshamfanyia maombi ya kumuaga.

"Kumbe ni wewe!" Kidole kimenyooka. "Murithi wangu alikukosea nini? Rudisha kiondo!"

"Rudisha kiondo!" wakaitikia akina mama.

Bibi akasimama taratibu. Akaomba maiki. Akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu:

"Shikamooni wazee. Mimi nilifundisha Dodoma miaka mingi. Mama, pole sana kwa mwanao. Mwalimu, samahani, mimi ndiye mkomunisti. Maisha yangu yote nimeandamana barabarani ili wageni wapewe makaratasi ya ukaazi. Huyo unayemtafuta amekaa kule mwisho. Yule anayepunga mkono."

Tukageuka sote. Bado anapunga.

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikamgeukia Ankal. "Si nilikwambia kushoto?"

"Na si nimeweka kushoto?" Akainua mkono wake wa kushoto, amekaa jukwaani, anaangalia watu. "Huu ni upi?"

"Kushoto kwangu!"

"Hukusema kushoto kwa nani!"

Tukabishana hapo, maiki iko wazi. Na kinachonichoma zaidi ni kwamba yuko sahihi! Huo mtindo wa kushoto na kulia ulitoka bunge lao la zamani, na unahesabiwa kutoka kwa kiti cha mwenyekiti anayewatazama wenzake, na mwenyekiti hapa ni Ankal. Ninafundisha hilo darasani, jamani. Kila mwaka!

(Wa katikati peke yake ndiye ambaye sikumkosea. Hata hakutuangalia.)

Wakati huo mkalimani akarudi, akamnong'oneza mzee wa suti. Mzee akawa mwekundu kama kahawa iliyoiva. Akaruka juu, akafoka. Mkalimani akatafsiri:

"Anasema ametukanwa vibaya sana. Hajawahi kuitwa mkomunisti tangu azaliwe. Anataka urekebishe mbele ya watu wote."

Nikainua maiki: "Tunaomba radhi. Mheshimiwa huyu si mkomunisti. Ndiye asiyetaka wageni."

Alipotafsiriwa, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akakaa. Akachukua sahani ya mukimo, viazi na mahindi ya kuponda, aliyopakuliwa na akina mama.

Mama Murithi akamtazama, akatazama sahani, akaniuliza kwa sauti iliyofika getini:

"Na yeye hapa ni nani? Si mgeni?"

Mkalimani alikataa kutafsiri. Bibi wa Dodoma akatafsiri kila neno, polepole, na kwa raha.

Sikungoja jibu. Nimepita nyuma ya mitungi ya maji na nimekuja nyumbani na njaa yangu. Funzo nimelipata: kabla hujatangaza mtu anasimamia wapi, jua kwanza wewe umesimama wapi. Sasa atakayecheka hapa namblock, na ninaanza na Ankal.